Bakuli la Pili

Chwaaa! Mafuta yalilia jikoni kabla Sadock hajauona mlango wa mgahawa wa Kichina, Tarime mjini. Hapo, kabla giza halijaingia, wawili hula tambi kwa bei ya mmoja.

"Mwenzako yuko wapi, kaka?" aliuliza mhudumu.

"Anakuja." Kukiri kwamba hana mtu mjini kungemchoma kuliko pilipili.

Mabakuli mawili yakaja. Alikula lake, macho mlangoni. La pili likaacha kutoa mvuke.

Mhudumu akaleta sahani, akalifunika taratibu. "Asikute zimepoa."

Sadock akaacha kutafuna. Dada yake alishamwambia: kule nyumbani Nyakunguru, tangu yeye Sadock aondoke kwa hasira, mama bado humfunikia chakula kila jioni.

Akapiga simu.

"Shikamoo, mama. Kesho chakula changu nitakifunua mwenyewe. Naapa."