Fidla ya Kwenye Simu

"Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali endelea kusubiri."

Hiyo ilikuwa mara ya tisa. Fundi cherehani alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni kama siku zote, na mikononi ameshika fidla aliyoinunua wiki tatu zilizopita. Aliitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyevunja kikombe.

Gauni la harusi la kitinda mimba wake lilikwisha zamani. Lilikuwa ukutani, limefunikwa nailoni. Hilo halikumpa shida. Shida ni kwamba alikuwa ameahidi, tena mbele ya wakwe, kwamba Jumamosi binti yake ataingia ukumbini kwa fidla ya baba yake, si kwa spika za kukodi. Leo ilikuwa Alhamisi, na fidla ililia kama mlango wa stoo.

"Kosa si la fidla," mkewe alimwambia asubuhi, akipita na beseni la nguo. "Baba watoto, unaikaba. Ukiigusa tu unakunja uso kama unang'olewa jino."

"Wewe unajua nini habari za fidla?"

"Za fidla sijui. Zako nazijua."

Simu ikapokewa. "Huduma kwa wateja, habari za mchana?"

Sauti ya tano tangu asubuhi, safari hii ya binti. Fundi akaanza hadithi upya, toka mwanzo.

"Namba ya fidla yako, mzee?"

"Mwanangu, nimeitaja mara nne leo. Mia tatu kumi na saba. Sasa naijua kuliko mwaka wangu wa kuzaliwa."

"Pole, mzee. Na tatizo lake?"

"Haina sauti, ina kelele! Nimebadilisha nyuzi, nimehama chumba, bado. Na huko dukani kwenu ililia vizuri. Nilipita tu nikitoka kazini, sina hata nia ya kununua, nikaijaribu nusu saa nzima. Binti mmoja akaja kuniuliza jambo, nikamwitikia kwa kichwa tu asinikatize, utamu umenikolea. Nafika nayo nyumbani, imegeuka paka. Mlinibadilishia, basi!"

"Hatuna tabia hiyo, mzee. Ngoja nikuunganishe na mkubwa wangu."

"Usiniweke tena kwenye..."

Muziki ukaanza.

Asubuhi nzima alikuwa ameuchukia, kwa kuwa ulikuwa muziki wa kusubirishwa. Sasa, kwa uchovu tu, akausikiliza. Kumbe ilikuwa fidla. Haukuwa wimbo hasa. Zilikuwa sauti zikipanda na kushuka bila haraka, kama mtu anayepita chumba kwa chumba akifungua madirisha. Mpigaji hakuwa na habari na mtu. Fundi aliujua mwendo huo: ndivyo mteja anavyojigeuza mbele ya kioo ndani ya koti ambalo hajaamua kulinunua. Lakini sauti yenyewe! Nene, laini, imetulia. Akavuta kiti, akaketi.

"Mzee, mkubwa yuko kikaoni. Labda upige kesho."

"Simtaki tena mkubwa wako. Naitaka hiyo fidla."

"Ipi?"

"Hiyo inayolia humu mnapotusubirisha. Sisi wengine mnatuuzia makapi, nzuri mnazificha!"

"Mzee jamani, huo ni muziki wa simu tu."

"Muziki haujipigi wenyewe, mwanangu. Tena huyo mpigaji wenu si lolote, anachezeacheza tu. Chombo ndicho kinachombeba. Nipeni chombo hicho mimi." Akageuka, akalitazama gauni ukutani. Sauti yake ikashuka. "Keshokutwa namwingiza mwanangu ukumbini. Nimemlea miaka ishirini na sita, hajawahi kuniomba kitu ila hicho. Nikisimama mbele ya watu na huyu paka, nitamtazama vipi?"



"Kumbe unaozesha," binti wa simu akasema. "Hongera, baba." Hakumwita mzee tena. "Ngoja niwaulize waliorekodi. Usikate."

Muziki ukarudi. Safari hii Fundi alifumba macho. Vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kuufuata juu ya nyuzi, kimoja baada ya kingine, na havikukosea hata mara moja.

"Baba, upo?"

"Nipo."

"Fidla hiyo haipo tena dukani. Iliuzwa siku ile ile waliyoirekodi."

Fundi akainuka kitini. "Nani aliinunua? Nitajie tu. Nitamfuata hata kama ni kumpigia magoti."

"Jina hawakuandika, wala namba." Karatasi ikasikika ikifunuliwa. "Kuna maelezo mafupi tu hapa. 'Imepigwa na mteja akiijaribu. Tulimwomba ruhusa ya kurekodi, akaitikia kwa kichwa. Mzee mmoja hivi, ana futi ya kupimia shingoni.'"

Karatasi ikasikika ikiwekwa mezani.

"Samahani, baba. Kwani wewe unafanya kazi gani?"