Kibali cha Kuelekeza

Zamani hizo wanyama walipokuwa wakiogopa matangazo, Kakakuona alichimba kisima cha maji matamu. Kwa kuwa hakupenda kutajwatajwa ovyo, akatangaza: kunywa ni ruksa, ila ni marufuku kumwelekeza mtu njia ya kwake bila kibali, na kibali hutolewa kwake tu. Wanyama wakatii. Njia ikaota nyasi. Kakakuona akabaki na mhuri wake, akimngoja dada yake aliyeahidi kuja kumjulia hali.

Siku moja akatokea Digidigi, anahema.

"Shikamoo, mzee. Naomba kibali."

"Marahaba, karibu, karibu! Unamwelekeza nani?"

"Dada yako. Alikuwa pale mtoni, anauliza kwa kaka yake ni wapi. Tukamwambia tunapajua, ila haturuhusiwi kusema."

"Sasa si ungemleta tu!"

"Bila kibali, mzee?"

Kakakuona akagonga mhuri. "Haya, shika. Kimbia ukamlete!"

"Amesharudi kwao. Amesema tukwambie kwamba ameelewa."

Digidigi akanywa maji, akashukuru, akaondoka na kibali chake. Kakakuona akajikunja duara, magamba nje, na siku ile kisimani hakuja mwingine.