Mpaka Mfiwa Aridhike

Sheria ilisema daktari aliyesababisha kifo cha mgonjwa kwa uzembe atarudia tukio hilo kwa kuigiza, mpaka mfiwa aridhike. Kila Jumamosi Mwanakheri alikunja mkeka wa sebuleni ili magoti ya Daktari Mutinda yaonje saruji, kisha akamvisha miwani ya kuigizia. Ukutani yakatokea mafuriko yaliyomzamisha Komora, mumewe, na mikono ya daktari iliyokosea kumzindua. Rimoti aliishika Mwanakheri.

"Mama, nipunguzie mvua," daktari alisihi.

"Komora alipunguziwa na nani?"

Akaizidisha. Lakini safari hii mikono ya daktari haikukosea. Komora alikohoa, akafumbua macho, akamwita mkewe kwa jina.

"Amepona, mama!" daktari alilia.

Mwanakheri alimtazama mumewe akipumua. Kisha akabonyeza rimoti, maji yakamfunika tena.

"Bado sijaridhika," alisema.