Nyumba Isiyo na Kufuli

Kwa mara ya tatu juma hilo, Kebaso alikuwa amefuta kufuli kwenye ramani.

Drusilla aliligundua hilo mara tu skrini ilipofunguka. Jana mstari wa kumi na nne ulisema: "Mlango wa mbele, mbao, kufuli la chuma." Leo ulisema: "Mlango wa mbele, mbao."

Ilikuwa Ijumaa moja ya Machi 1999, saa saba na dakika kumi mchana. Mkuu wa mradi wa maji alikuwa ameenda Kipkelion kukagua tangi, na simu ya ofisi ya Kericho ilikuwa huru kuunganishwa na kompyuta.

Mchezo wenyewe haukuwa na picha. Ulikuwa dunia ya maandishi: watu wa nchi mbalimbali waliingia kwa wakati mmoja, wakapewa viwanja, wakajenga kwa maneno. Wawili waliruhusiwa kumiliki kiwanja pamoja. Ramani ya nyumba yao ya kwanza ilitakiwa kuwafikia wasimamizi kabla ya saa nane, ikiwa na kibali cha wote wawili. Isipofika, kiwanja kingepewa wengine.

"Umelitoa tena," aliandika Drusilla. Humo mchezoni aliitwa Sally.

"Nimelitoa," alijibu Kebaso, mwanafunzi wa chuo kimoja Uingereza. "Dada, mimi sijengi nyumba yenye kufuli."

"Kwani tutalala wazi kama zizi? Wezi wa humu si unawajua?"

"Waje. Nitawapikia hata chai."

Chepkurui, karani mwenzake, alichungulia skrini huku akimenya yai. "Drusilla, bado hamjamaliza? Hiyo ya hewani ina vyumba vitano, na ya mama yako kule Chepilat haina hata choo."

"Kula yai lako, wewe."

Drusilla alijua kwa nini kijana yule hakutaka kufuli. Miezi mitatu nyuma alikuwa ameona jina lake kamili, Kebaso Onchiri, kwenye orodha ya wachezaji kutoka Kenya. Walikuwa tisa tu. Alimfuata, akamwomba washirikiane kiwanja, wala hakumwambia kwamba walikulia laini moja, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, milango miwili mbali.

Laini ilikuwa na kawaida yake. Wachumaji walitoka alfajiri. Watoto wadogo walifungiwa ndani, na ufunguo ukaachiwa mtoto mkubwa wa jirani. Yeyote aliyetoka mwisho alibana kufuli. Kulibana hakukuhitaji ufunguo. Kulifungua ndiko kulikohitaji.

Agosti 1986, wakati wa likizo, Drusilla alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ufunguo wa nyumba ya Jerusa, mama yake Kebaso, ulikuwa kwake. Saa nne aliwafungulia watoto wawili wa Jerusa, akawapa uji, kisha akaenda soko la Roret kununua riboni. Saa tano na nusu nyumba ilikuwa inawaka. Kebaso, miaka saba, alikutwa nje chini ya dirisha la nyuma, viganja vimeungua. Watu walisema amepenya dirishani. Nyabate, dada yake wa miaka mitatu, alikutwa ndani. Kufuli lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Drusilla.

Hakukumbuka kulibana. Alikumbuka bakuli la uji, alikumbuka rangi ya riboni, lakini si mlio wa kufuli. Hata hivyo ushahidi ulikuwa mmoja: alitoka, na mlango ukakutwa umefungwa. Jerusa hakumlaumu. Siku ya mazishi alimshika bega, akamwambia, "Wewe acha kulia. Si wewe." Drusilla aliuchukulia huo kuwa wema wa mtu mzima kwa mtoto. Kabla mwezi haujaisha, Jerusa alihama na mwanawe.

Saa saba na dakika arobaini.

"Sally, mimi nimeshatoa kibali changu. Bonyeza basi, watatunyang'anya."

Angeweza kubonyeza. Nyumba ingesimama, naye angebaki kuwa Sally, na kila wakiingia wangetaniana kuhusu mapazia. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Alikiondoa.

"Siwezi kuingia nyumba moja nawe kwa jina hili," aliandika. "Mimi ni Drusilla wa kwa Mokaya, wa mlango wa tatu. Ufunguo ulikuwa kwangu. Niliwafungia nikaenda sokoni. Nyabate alikufa kwa sababu yangu. Siombi unisamehe. Nilitaka tu ujue unajenga na nani."

Alituma kabla hajasoma mara ya pili. Chepkurui, aliyekuwa bado nyuma yake, alirudi kwenye meza yake.

Dakika nne zilipita. Jina la Kebaso halikutoka kwenye orodha ya waliopo. Drusilla alitazama saa ya ukutani, kisha skrini, kisha saa tena. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja.

Maandishi yakaanza kuja, mstari mmoja mmoja.

"Drusilla. Wewe uliacha mlango wazi."

"Dirisha lile baba alikuwa amelipigilia misumari tangu mvua za Aprili. Hakuna aliyepita hapo; viganja niliviunguza nikilivuta kutoka nje. Mimi nilikuwa nimetoka kutazama mpira wa wakubwa."

"Nyabate alikuwa amelala. Nilibana kufuli, asije akaamka akatoka akapotea."