Hatua Kumi za Sungura

"Mwezi mzima ulichora Sungura akipiga hatua kumi tu nyuma ya jeneza la mkewe," Korongo alifoka.

"Na hatua hizo kumi ziliwaliza watu," akajibu Nungunungu.

Korongo alikuwa na nyumba ya kutengeneza na kuonyesha katuni, na maradhi yake yalikuwa pupa. Nungunungu alichora kwa miiba yake mwenyewe, karatasi moja juu ya nyingine, hadi picha zikatembea.

"Mzee mwenzangu, siku hizi ni kompyuta. Kaa na miiba yako," Korongo akamwambia.

Nungunungu akaondoka. Korongo akawaita mchwa waje kuila michoro yote ya zamani ili kompyuta ipate nafasi, kisha hadithi ileile ya Sungura ikatengenezwa upya. Kila unyoya wake uling'aa, lakini nyuma ya jeneza alitembea kama anayekwenda sokoni. Watoto wakacheka. Siku ya tatu viti vilikuwa vitupu.

"Mashine huiga inachoonyeshwa," alisema Kuchakulo, fundi wa kompyuta. "Niletee ile michoro ya mazishi."

Michoro ilikuwa tumboni mwa mchwa.

Korongo akaenda mwenyewe kwenye shimo la Nungunungu, akayakunja magoti yake marefu. "Nichoree tena zile hatua kumi, ndugu yangu. Bila hizo tunafunga nyumba."

Nungunungu alimtazama bila hasira, miiba yake imejaa udongo wa shamba la mihogo.

"Mwezi ule nilikuwa nimetoka kumzika mama," alisema pale mlangoni. "Sina mama mwingine wa kuzika."