Profesa wa Mahaba

Kitasa kiligoma. Profesa alikizungusha, akausukuma mlango kwa bega, wapi! Dirisha nalo lilikuwa na nondo, na nusu yake ilizibwa na vitabu. Jasho likaanza kumtoka.

"Mke wangu! Mlango umekwama!"

"Nimesikia," mkewe akajibu kwa nje, bila haraka. "Fundi atakuja. Tulia."

Maisha yake yote Profesa aliyamalizia katika chumba kile, akichambua mahaba ya masufi: jinsi mja anavyompenda Mola wake hadi akaisahau nafsi yake. Wageni walitoka mbali kuja kumsikiliza. Nyumbani akiitwa mezani, hujibu "nakuja," chakula kikapoa.

"Hebu nikuulize," mkewe alisema. "Hao masufi wako, mtu alijuaje kama anapendwa?"

Swali hilo lilikuwa saizi yake. Profesa akakohoa, akaanza kueleza daraja za mapenzi, moja baada ya nyingine, kama yuko mbele ya wanafunzi. Alisikia kitu kikiburutwa sakafuni. Analeta kiti anisikilize, akawaza, akapandisha sauti.

Alipomaliza, kimya. Hewa ilikuwa nzito. Aligonga, akaita, hakujibiwa. Mwishowe aliketi chini, mgongo ukiegemea mlango, na maneno ya vitabuni yakamkauka.

"Umekasirika," alisema taratibu. "Una haki. Nimeandika juu ya mapenzi mpaka nikasahau kupenda. Ulipolazwa, mimi nilikuwa humu. Tulipomzika mama yako, niliwahi kurudi nije kusahihisha ukurasa. Ukurasa, mke wangu! Nikitoka humu, sirudi. Tutakaa nje sote wawili, unisimulie lolote, hata bei ya nyanya. Nitakusikiliza."

Kimya bado. Lakini alimjua mkewe: hulia bila kutoa sauti. Profesa akaulaza mkono wake juu ya ubao wa mlango, akaamini kwamba upande wa pili kuna mkono mwingine, naye machozi yakamtiririka.

Ufunguo ulizunguka. Profesa akainuka upesi, akajifuta uso, akatabasamu.

Mlangoni alisimama fundi, peke yake, hana hata bisibisi.

"Kitasa ni kizima, mwalimu," alisema, macho chini. "Mama alinipitishia ufunguo dukani, akaniomba nisije mpaka basi lake liwe limeshaondoka."