Kofia ya Mzee Wadleigh

Kabla treni haijasimama, mzee Wadleigh alikuwa ameshavua kofia. Hilo ndilo jambo la kwanza Nell aliloliona alipoajiriwa kuhudumia behewa lake la mkurugenzi wa reli. Mbele ya maseneta mzee alikaa na kofia kichwani, lakini kila ulipotokea ubao wa kituo aliivua, akaiweka magotini mpaka treni iondoke.

Vituo vya reli hiyo mpya, katikati ya nyasi za Dakota, vilikuwa tisa. Thirza. Lovina. Keziah. Vyote majina ya kike, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyachagua. Alipojaribu kurudi kwenye ugavana, wapinzani walitangaza kwamba ni majina ya mahawara zake. Hakujibu neno. Akashindwa.

"Tisa, mdogo wangu," alisema Cyrus, mpishi wa behewa, akigeuza nyama kikaangoni. "Na mimi huyu mmoja wa nyumbani kanishinda."

Nell alitabasamu tu. Hakuwa msemaji, na kola yake ndefu ilimfunika shingo hata siku za joto. Kila walipokaribia kituo cha mwisho, Orpha, alikusanya vikombe akaenda kuviosha, hata vikiwa safi.

Safari hii ilikuwa ya mwisho kwa mzee. Daktari alishamwambia aache kazi, na bodi ilishapata mtu mwingine. Alikaa dirishani, kahawa ikimpoa mkononi. Walipoiacha Keziah nyuma, alimwambia Nell aketi.

Akamsimulia taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo na hana hakika pa kuuweka. Kabla ya siasa na reli alikuwa na kiwanda cha pamba huko Massachusetts. Miaka kumi na mitatu iliyopita kiliungua, mchana kweupe. Wasichana tisa wa ghorofa ya juu hawakutoka. Mkubwa wao alikuwa na miaka kumi na sita. Walizikwa kaburi moja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema yupi ni yupi.

"Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo," alisema. "Amri ilikuwa yangu. Niliambiwa wanatoka mno kupunga upepo."

Nell alitazama mikono yake mwenyewe.

"Hata mmoja sikuwahi kumwona. Nililetewa majina kwenye karatasi, ndiyo hayo unayoyaona kwenye mbao za vituo. Baada ya hapo wakanipa ugavana, wakanipa reli, kila ninakoshuka napigiwa makofi." Aligeukia dirisha. "Natamani angekuwepo mmoja tu, binti. Hata anitukane. Ningepata usingizi."

Nell aliinuka, akaanza kukusanya vikombe kama kawaida yake. Cyrus alichungulia mlangoni, akasema wanaingia Orpha. Treni ilipunguza mwendo. Nyasi, tangi la maji, kisha ubao mweupe.

Mkono wa mzee ulipanda polepole kuelekea kwenye kofia.

Nell aliviweka vikombe chini. Akaushika ule mkono, akauzuia.

"Hapa usivue, bwana," alisema. "Mimi sikufa."